PC (kompyuta) au PS (PlayStation)? Wana Mwanza tupeane uzoefu, hasa tuliokulia kwenye mabanda ya gemu

Mtoto wa Mabatini
Wakuu, salaam. Juzi nimepita mtaani nikakuta lile banda letu la PS2 limekuwa saluni, na roho inaniuma mpaka leo. Pale ndipo nilipoijua GTA San Andreas. Pale ndipo tulipofundishana mpira wa Winning Eleven, ukifungwa unaachia pedi. Sasa mpwa wangu kamaliza kidato cha sita anataka mashine, na nyumba nzima imegawanyika: PS4 ya mtumba au laptopu yenye kadi ya michoro? Mliowahi kumiliki, semeni mliyoyaona. Ya YouTube tumeshayasikia.

Ngosha wa Igoma
PS, na sibadiliki. Unachomeka, unawasha, unacheza. PC itaanza kukuuliza RAM ngapi, kadi gani, dereva umesasisha? Nimetoka kazini nimechoka, sitaki mtihani. Halafu gemu ni watu. Kochi moja, pedi mbili, shemeji yako pembeni anakuzomea. Kwenye PC umewapa watu kisogo.

Kijana wa Nyegezi
Ngosha, pedi ya PS4 inachomekwa kwenye PC vilevile, na TV unaiunganisha kwa waya uleule wa HDMI. Ila kilichonifanya niandike ni umeme.

Nikiwa chuo tulichangishana na mwenzangu tukanunua PS4. Msimu wa mvua umeme ulikuwa unakatika, unarudi, unakatika tena kabla hujakaa. Kila ukirudi, PS inakwambia haikuzimwa vizuri, inaanza kukagua diski yake ya ndani, ule mstari unasogea taratibu na wewe umeshika pedi unaomba Mungu. Siku moja tuko fainali ya ligi yetu, chumba kimejaa mpaka mlangoni, 2-2, mpira unaelekea kuisha. Umeme ukaenda. Uliporudi ulikuja na nguvu zake, taa ikawaka nyeupe kupita kawaida, tukasikia "tap" ndani ya PS, halafu harufu ya plastiki inayoungua. Watu walitoka mmoja mmoja bila kuaga. Pawa saplai ilikufa, na diski ikaondoka na kila tulichoseivu.

Sasa niko na laptopu. Umeme ukikatika betri inashika. Gemu nzito itasuasua, lakini unapata nafasi ya kuseivu na kuzima kistaarabu.

Mama Junior Buswelu
Harufu hiyo naijua. Ya kwetu iliondoka na TV.

Mdau wa Mjini Kati
Mnakwepa hesabu. Kwenye PS3 mtandaoni mlicheza bure. Tangu PS4 itoke 2013, gemu nyingi za kununua hazikuruhusu kucheza mtandaoni bila kulipia usajili wa PS Plus. PC hakuna kitu hicho, na duka la mtandaoni la Steam wakishusha bei unachukua gemu kubwa kwa hela ya chipsi kuku.

Ngosha wa Igoma
Na ukishaichoka unamuuzia nani? Imefungwa kwenye akaunti yako. Mimi diski nikiichoka naenda nayo mjini, naongeza kidogo, narudi na nyingine.

Mdau wa Mjini Kati
Kama mashine ina sehemu ya diski. PS5 ya Digital haina.

Ngosha wa Igoma
Kauliza PS4. Soma swali.

Mdau wa Mjini Kati
Nyie wa PS mkibanwa ndipo mnakumbuka swali.

Mtoto wa Mabatini
Jamani, taratibu.

Baharia wa Kome
Nimesoma habari za umeme nikaona nami niseme. Nilifungua banda la gemu kambi ya dagaa, Kisiwa cha Kome, kabla upande wetu haujapata umeme wa gridi. Nilichagua PS2 nyembamba kwa sababu moja: haifiki wati 50. Ukiweka na TV ndogo ya LED, betri ya sola inakuvusha usiku. PS4 ikiwa kwenye gemu inaweza kupita wati 100 kabla hujawasha TV, na PC ya mezani yenye kadi ya michoro ndiyo usiseme.

Wateja wanafuata mwezi. Giza likiwepo wavuvi wako majini na taa zao, bandani unabaki na watoto. Mwezi ukipevuka dagaa hawavuliki, kambi nzima iko nchi kavu na hela ya giza bado iko mfukoni.

Usiku mmoja wa mwezi, tajiri wa mitumbwi kakaa kucheza na baharia wake aliyekuwa anamdai. Baharia akasema mbele za watu: nikikufunga, unanilipa leo. Tajiri akakubali, kambi nzima imesikia. Wakatoka sare, wakaenda penalti. Hapo invata ikaanza kulia, betri inakata. Nikang'oa simu zote zilizokuwa zinachaji, nikazima taa, bado inalia. Vijana wakakimbia mwaloni wakaleta betri ya taa za mtumbwi. Ukizima ubadilishe, mechi imepotea. Ikabidi nishike tochi kwa meno niiunge pembeni ya ile nyingine mashine ikiwa inawaka, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mikono inatetemeka, huku nasikia nyuma yangu baharia anajiandaa kupiga ya mwisho...

Naitwa kupakia mzigo, nitarudi.

Mama Junior Buswelu
Kaka usituache hapo!

Kijana wa Nyegezi
Alifunga? Na betri za volti ngapi?

Ngosha wa Igoma
Mmeona, ni PS lakini.

Dada wa Pasiansi
Wakati tunamsubiri, mimi ni PC kwa sababu ya Pamba, timu yetu ya Mwanza. Waliporudi Ligi Kuu 2024 niliwatengenezea timu kwenye gemu ya mpira ya PES 2017: nembo, jezi, majina ya wachezaji, mpaka mabango ya uwanjani. Unachora picha, unaiweka kwenye faili, inaingia. Kwenye PS4 kuna kuhariri pia, ila PC unafungua mpaka ndani kabisa. Kazi ya usanifu ninayoifanya leo ilianzia kwenye zile jezi. Mpwa wako mpe laptopu.

Fundi wa Kirumba
Atakayenunua chochote akumbuke vile vidudu vya ziwani. Vinakuja kama moshi, vinafuata mwanga wa skrini, feni inavivuta ndani. Nimefungua laptopu ya mteja, mapezi ya kupoozea yamezibwa na utando mweusi, ukiuvuta unatoka mzima kama ulivyo. Yeye alishaambiwa kadi imekufa anunue nyingine. PS4 ikianza kunguruma, sababu ni hiyohiyo. Isafishwe na pesti ya kupoozea ibadilishwe.

Mdau wa Mjini Kati
Mimi nafunika na kipande cha chandarua.

Fundi wa Kirumba
Usifunike! Unaizibia hewa.

Baharia wa Kome
Nimerudi. Volti 12 zote mbili. Alifunga, kona ya chini kushoto. Tajiri alilipa palepale, na betri yake ya mtumbwi aliidai asubuhi.

Mtoto wa Mabatini
Asanteni. Laptopu basi, na pedi mbili ili Ngosha asininunie. Fundi, pedi za mtumba zinazosogeza mchezaji zenyewe bila kuguswa zinatengenezeka au ninunue mpya?

Ngosha wa Igoma
Nunua mpya.

Fundi wa Kirumba
Zinatengenezeka. Zilete.