Kituo cha kutwa au ajira yenye msaidizi? Nafasi zote mbili zimepatikana, naomba uzoefu wenu

Binti_wa_Mwisho
Wadau, habari zenu. Nina kaka yangu mwenye ulemavu wa akili. Alimaliza shule maalumu mwaka jana na tangu hapo yuko nyumbani na mama. Sasa tumepata nafasi mbili kwa mpigo. Moja ni kituo cha kutwa: anachukuliwa asubuhi na kurudishwa alasiri, siku 5 kwa wiki. Ya pili ni mpango wa ajira: wanamtafutia kazi ya kawaida kwa mwajiri wa kawaida, na msaidizi anakaa naye kazini mpaka azoee. Tunatakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha, na hawaruhusu kushika zote mbili. Mama anataka kituo, mimi naegemea kazi. Kipi bora?

Siku_ya_Tatu
Mleta mada, hujatupa pa kushika. Ana umri gani? Anaongea? Chooni anajihudumia mwenyewe? Ana kifafa? Kelele anazivumilia? Huo mpango unampa saa ngapi kwa wiki? Na kubwa kuliko yote, yeye mwenyewe anataka nini? Bila hayo kila mtu atakujibu habari za mtoto wake.

KaziKwanza
Ajira. Mimi sioni hata la kujadili hapo. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mwenye ulemavu wa akili afundishwe kwanza, "akishakuwa tayari" ndipo apelekwe kazini, na kwa wengi siku hiyo ya kuwa tayari haikufika. Miaka ya 1970 kule Marekani, Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, kazi ambayo hakuna aliyedhani wangeiweza. Aliigawa kazi vipande vidogo vidogo, na mtu akikwama alibadilisha namna ya kufundisha badala ya kumlaumu mwanafunzi. Miaka ya 1980 ukaenea utaratibu wa kumweka mtu kazini kwanza na kumfundisha hapo hapo. Sababu yake utaiona hata nyumbani: wengi wa ndugu zetu hawahamishi ujuzi kirahisi. Aliyejifunza kukunja taulo kwenye meza ya kituo anaweza kufika kazini akaliangalia taulo kama hajawahi kulishika.

MamaWaWatatu
KaziKwanza mwanangu, umesema vizuri, lakini kazi za namna hii nyingi ni za saa chache. Saa zinazobaki nani anakaa naye? Mama yake. Binti yangu ana miaka 31, anakwenda kituo cha kutwa. Ana marafiki pale, anaogelea, na asipoonekana siku moja kuna mtu anapiga simu kuuliza. Mleta mada, mama yako amemlea huyo kijana peke yake tangu azaliwe. Mapumziko yake nayo yaingie kwenye hesabu, usiyaone kama uvivu.

Baba_Mzoefu
Naomba niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu na mimi nilichagua kituo na nilichagua kwa moyo mweupe.

Mwanangu alipewa nafasi kwenye kituo chenye karakana ndani yake. Walituambia atakuwa kwenye "maandalizi ya kazi" kwa miezi 6. Kazi yake ilikuwa kutenganisha skrubu na nati: za ukubwa huu chombo hiki, za ukubwa ule chombo kile. Alikuwa hodari na alijivunia. Akirudi nyumbani ananionyesha kwa vidole amejaza vyombo vingapi. Miezi 6 ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka miwili. Kila nikiuliza naambiwa bado kidogo.

Baadaye akaanza kugoma kupanda basi. Akawa anajipiga kichwani asubuhi, jambo aliloliacha tangu akiwa mdogo. Wakanishauri aongezewe dawa. Nikakubali, na hilo bado linaniuma. Siku moja nilikwenda kumchukua mapema kwa sababu ya miadi ya daktari wa meno. Nikakuta mfanyakazi anachukua vyombo vyote walivyojaza siku hiyo, anavimimina kwenye pipa moja na kukoroga ili kesho waanze upya. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni anatazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini amegoma. Hakuwa na maneno ya kuniambia.

Sisemi vituo vyote viko hivyo. Nasema nenda bila miadi, saa ya mwisho ya siku.

Mpenda_Sheria
Pole sana mzee wangu. Hili la karakana ndilo limefanya nchi nyingi zibadili mwelekeo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 27, unazungumzia kazi kwenye soko la ajira lililo wazi kwa wote. Mwaka 2022 kamati ya mkataba huo ikaeleza kwamba karakana zinazowatenga wenye ulemavu na wafanyakazi wengine zisihesabiwe kuwa hatua ya kutimiza haki hiyo. Marekani sheria ya mwaka 1938, kifungu cha 14(c), iliruhusu waajiri wenye kibali kuwalipa wafanyakazi chini ya kima cha chini cha mshahara kwa sababu ya ulemavu wao. Majimbo kadhaa yameshapiga marufuku.

MamaWaWatatu
Na pale karakana zilipofungwa, wangapi waliishia kukaa mbele ya televisheni nyumbani? Hilo nalo mliseme.

Mpenda_Sheria
Mama, Vermont, jimbo mojawapo la Marekani, walifunga karakana ya mwisho mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini walianza kujenga huduma za ajira miaka mingi kabla ya kufunga. Anayefunga bila kujenga anawaacha watu bila kitu, hapo tuko pamoja.

MamaWaWatatu
Basi usiniletee sheria, niletee hao waliojenga.

Binti_wa_Mwisho
Samahani nilichelewa, na asanteni. Mzee Baba_Mzoefu, nimesoma yako mara mbili.

Ana miaka 24. Ana usonji pamoja na ulemavu wa akili. Anasema maneno machache ila anaelewa mengi, na picha anazitumia vizuri. Chooni anajitegemea. Ana kifafa, anakunywa dawa, cha mwisho kilimpata miezi 14 iliyopita. Kelele za ghafla zinamsumbua. Mpango wa ajira unatoa saa 12 kwa wiki.

Kuhusu anachotaka yeye, sijamuuliza. Naona vibaya kuandika hivyo lakini ndiyo ukweli.

Nguo_Safi
Mimi nina ulemavu wa akili. Nafua mashuka hospitalini miaka 6 sasa. Mwanzo nilikuwa na msaidizi, sasa sina, nikikwama namuuliza mwenzangu wa zamu. Nyumbani walisema sitaweza. Muulizeni yeye. Sisi tunajua.

Siku_ya_Tatu
Asante Nguo_Safi. Mleta mada, usimuulize kwa maneno matupu. Wengi wenye usonji hurudia lile chaguo lililotajwa mwisho. Mpeleke sehemu zote mbili nusu siku, piga picha pale, kisha mwekee picha mbili mezani. Kesho yake zibadilishe nafasi, umuulize tena. Tazama pia mwili wake: alikula? Alilala usiku? Asubuhi alitafuta viatu au alijificha?

Upande wa kazi, uliza msaidizi anapungua kwa utaratibu gani, na akishaondoka nani mle ndani amefundishwa kubaki naye. Mipango mingi inavunjikia hapo. Kwa kifafa, epukeni ngazi ndefu na mashine za moto, na wenzake wajue la kufanya: wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, watazame saa, kikipita dakika 5 waite msaada. Na uliza kazi ikiisha anarudi wapi. Kama nafasi ya kituo inapotea moja kwa moja, hofu ya mama ina msingi.

KaziKwanza
Nakazia hilo la mwisho, ingawa bado nasema ajira. Saa 12 ni mwanzo, zinaweza kuongezwa.

MamaWaWatatu
Au zikapunguzwa. Siku_ya_Tatu, hizo picha mnazipangaje? Binti yangu nikimwekea nyingi anazirusha.

Siku_ya_Tatu
Anza na mbili tu, mama. Picha halisi za vitu vyake mwenyewe, si michoro.

Baba_Mzoefu
Mleta mada, kama anapata posho yoyote ya ulemavu, ulizeni kabla ya kusaini kama mshahara utaipunguza. Sisi tulijulishwa tayari imekatwa.

Binti_wa_Mwisho
Hilo hatukulifikiria kabisa. Kituo wamekubali twende Jumanne kukaa nusu siku. Wa ajira nimewauliza kama nafasi inaweza kushikwa akijaribu kwingine, hawajajibu. Nimemwomba mama tuende wote watatu. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Jana usiku nilimwonyesha kaka picha ya geti la kituo, akaichukua akaenda kulala nayo. Sijui niichukulieje.

Nguo_Safi
Muulize tena asubuhi.

MamaWaWatatu
Na hizo kelele, kuna aliyejaribu vile vifuniko vya masikio? Wangu anavivua baada ya dakika mbili.