Naomba ushauri: nukta za kaboni kutoka maganda ya machungwa zinapotelea kwenye mng'ao wa seli

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mwenye uzoefu na hizi nukta za kaboni, yaani chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa zikimulikwa. Natengeneza zangu kwa maganda ya machungwa, nayapika na maji kwenye autoklevu (chombo kinachofungwa kabisa na kupika kwa shinikizo) nyuzi 180 kwa masaa 6, nachuja kwa filta ya maikroni 0.22 halafu naweka kwenye mfuko wa dayalisisi, ule unaozamishwa kwenye maji ili molekuli ndogo zitoke nje na nukta zibaki ndani. Chini ya taa ya UV ya nanomita 365 inawaka bluu safi kabisa, raha kuiangalia.

Shida inaanza nikizitumia kupiga picha za seli hai, maana seli zenyewe zina NADH na flavini (molekuli zao za asili) ambazo nazo zinang'aa bluu na kijani, sasa nikilinganisha picha za seli zilizopewa nukta na zile ambazo hazijapewa kitu naona tofauti ndogo mno, na nikiongeza dozi naogopa kuziumiza. Nimejaribu kuweka urea ili niingize nitrojeni, mwanga ukapanda lakini bado ni bluu tu. Na kinachonitia wasiwasi zaidi, yale maji ya nje ya mfuko nayo yanawaka sana, kwa hiyo huenda kinachong'aa ni molekuli ndogo tu na sio nukta.

Nitahakikishaje kwamba mng'ao unatoka kwenye nukta zenyewe? Na kuna njia gani ya kuusogeza uende kwenye nyekundu, ili utofautiane na ule wa seli, huku malighafi ikibaki taka? Kuhamia kemikali tupu sitaki kwa kweli, lengo zima la kazi hii ni taka.