Tupeane uzoefu: siku za katikati, kati ya mashine na mashine

Mama_Kondele:
Habari zenu wadau. Mambo ya SHA (bima ya afya ya serikali), foleni na vitanda tumeyazungumza humu mpaka tukachoka. Leo naomba tuongee ya nyumbani. Mzee wangu anaoshwa damu hapa Kisumu mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Figo yenye afya huosha damu bila kulala wala kwenda likizo. Mashine inafanya kazi hiyo kwa saa nane tu kati ya 168 za wiki. Saa 160 zinazobaki zimo mikononi mwetu, jikoni na kitandani, na hakuna muuguzi.

Kwa hivyo: maji mnayapimaje? Mnapika nini? Mkono wa mashine mnautunzaje? Kila mtu aseme lake, si la jirani. Na nyinyi wa dawa za mizizi mnaonijia inbox usiku, leo mtupishe.

MzeeWaShabab:
Mama, nianze na maji kwa sababu ndiyo vita yangu. Niko Nakuru na mkojo karibu umekwisha. Daktari alinipa hesabu rahisi: nusu lita kwa siku, ongeza kiasi cha mkojo uliopata jana. Basi nina chupa ya soda ya nusu lita. Asubuhi naijaza maji naiweka mezani. Nikinywa kikombe cha chai, namwaga maji kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikiwa tupu, nimefunga duka hadi kesho.

Watu husahau kwamba uji ni maji. Supu ni maji, tikiti ni maji, hata mchuzi wa kuku wa Jumapili. Na kiu hailetwi na jua peke yake, inaletwa na chumvi. Nilipoacha kuongeza chumvi mezani kiu ilipungua kuliko nilivyotarajia. Ikinizidi nasukutua na kutema, au nanyonya kipande cha limau.

Ukipuuza, mizani ya kitengo cha kuosha damu itakusema. Kila mmoja wetu ana uzani wake mkavu, yaani kilo zako ukiwa huna maji ya ziada. Ukija umezidi kilo nne, mashine itavuta yote hayo kwa saa nne: presha inaporomoka, misuli ya vigimbi vya miguu inakaza unalia kama mtoto. Mimi ni mwanamume mzima na nimelia.

Binti_wa_Mumias:
Mzee umesema kweli. Kwetu shida haikuwa maji, ilikuwa potasiamu, yale madini ya kwenye vyakula ambayo figo mgonjwa haiyatoi vizuri. Mama alikuwa akipimwa damu inarudi juu, mara juu zaidi, na ndizi nilishamwondolea, parachichi nilishaondoa, maharagwe pia. Viazi nilikuwa namkatia vidogo, naloweka, nachemsha kwa maji mengi, namwaga yale maji halafu ndiyo napika. Mboga za majani vilevile. Bado iko juu. Wauguzi wakaanza kunitazama kwa jicho la kwamba huyu binti anamlisha nini mama wa watu.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeuliza swali la maana. Hakuuliza "anakula nini", aliuliza "mrenda mnaulainisha kwa kitu gani?" Nikamwambia kwa munyu, kama kila mtu. Mnajua wa kwetu: maganda ya maharagwe yanachomwa, majivu yanawekwa kwenye chombo chenye matundu, maji yanamwagiwa juu na yanadondoka kule chini yakiwa ya rangi ya chai nyepesi. Akaweka kalamu chini. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu, na maji yakipita huibeba kwa wingi. Mimi huku namwaga maji ya viazi kwa uaminifu, huku jioni namtilia mama potasiamu kwa kijiko.

Kuuondoa haikuwa rahisi. Mama alisema mrenda bila munyu ni makamasi. Siku hizi nampikia sehemu yake peke yake, kidogo, kwenye sufuria ndogo, naikoleza kwa kitunguu na dania. Analalamika lakini anakula. Na ile chumvi mbadala ya dukani inayouzwa kwa watu wa presha, soma pakiti kwanza. Nyingi zimejaa potasiamu. Ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo, na haibishi hodi.

Mama_Kondele:
Wueh! Sisi hutumia magadi kwa osuga (mnavu) na apoth (mrenda). Nayo vipi?

Sista_wa_Mashine:
Mama, magadi shida yake ni sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi: kiu, uvimbe na presha. Punguza hadi mwisho. Omena nazo usimpe kila siku, zinaliwa nzima pamoja na miiba na zina fosforasi nyingi, madini mengine yanayorundikana damuni. Vile vidonge vya kufunga fosforasi avimeze pamoja na chakula, si baada ya saa mbili.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha figo, hospitali sitaji. Kwa swali la mkono: fistula ni mshipa wa ateri uliounganishwa na wa vena ili damu ije kwa kasi. Huchukua wiki kadhaa kukomaa kabla ya kuchomwa sindano. Kila asubuhi, kabla hujatia mguu chini, weka vidole juu yake. Utahisi mtetemo kama wa nyuki. Ukikuta kimya, usingoje siku yako ya mashine, njoo saa hiyo hiyo. Kuna wakati mshipa unaweza kuokolewa kama umewahi. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi, haubebi mtungi, haufungwi saa ya kubana. Hata kliniki ya kijijini wakiharakisha kuufunga kile kitambaa cha presha, kataa. Una haki.

Wenye katheta shingoni, yaani mrija wa mashine: isilowe. Ukipata homa na kutetemeka, huenda ni maambukizi ya mrija; hiyo si malaria mpaka ipimwe ionekane ni malaria. Na tafadhali, maumivu ya mgongo yasiwapeleke duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza, hasa wale ambao figo bado zinajikokota. Kisukari na presha zinatosha kuziua bila kusaidiwa.

Kijana_Eldoret_road:
Mimi nilipandikizwa, figo ya dada yangu. Naomba niseme siku za katikati hazikuisha, zilibadilika sura. Sasa naambiwa ninywe maji mengi! Yule mtu wa chupa ya soda angenishangaa. Figo mpya iliwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, zile za zamani ziko palepale zimestaafu. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, nameza kila baada ya saa 12, maisha yote, kwa hivyo simu yangu hulia kanisani, matangani, popote. Balungi siligusi, linapandisha dawa hiyo kwenye damu.

Kwa walio kwenye safari ya kutafuta mtoaji: ndugu zangu wawili walijitokeza kabla ya dada. Mmoja kundi la damu lilikataa. Wa pili aligunduliwa ana presha ya juu na hakuwa na habari. Leo anatumia dawa. Hata kama hakunipa figo, safari ile ilimfaa. Dada anaendelea vizuri na figo moja, anapimwa kila mwaka, ni mwalimu. Na akija mtu wa kukuuzia figo, sheria ya afya ya 2017 inakataza biashara hiyo. Mkimbieni.

Otieno_mdogo:
Swali la haraka. Baba anaingia mashine Kisumu, tuna mazishi Busia na lazima tulale huko siku kadhaa. Aache kikao kimoja?

MzeeWaShabab:
Asiache! Zamani wengi wa huko walikuwa wanapelekwa Eldoret au Nairobi, lakini tangu ule mpango wa serikali wa vifaa vya hospitali wa 2015 kaunti nyingi zina mashine. Mpigie inchaji wa kitengo cha huko mapema, usiende kubahatisha.

Sista_wa_Mashine:
Abebe barua ya muhtasari kutoka kitengo chake, uzani wake mkavu, dawa anazotumia, na majibu mapya ya hepatitisi B, C na HIV. Bila hayo majibu hawatamweka kwenye mashine, na hawamuonei. Wanawalinda wengine wanaoitumia. Kama nafasi haipo, asafiri asubuhi baada ya siku yake ya mashine, arudi kabla ya inayofuata. Wazee wa boma waelezwe mapema kwamba ataondoka hata kama hotuba hazijaisha.