Mnawaokoa samaki bakulini halafu mnawamaliza wenyewe kwa dawa. Imetosha!

Wakuu, salamu zitasubiri.

Kila kukicha humu kuna uzi wenye picha ileile: goldifishi kalala ubavu chini ya bakuli la kioo, mapezi yamechanika, na maandishi "nimemwokoa kwenye kaunta ya saluni, nimpe dawa gani?" Chini yake watu wanashindana kutaja dawa. Hakuna anayeuliza maji lita ngapi, wala amonia, sumu anayoitoa samaki mwenyewe, imesoma ngapi. Baada ya siku tatu mwenye uzi anarudi na taarifa ya msiba, anajibiwa "pole mkuu, hao samaki ni dhaifu sana". Dhaifu wapi? Kuna goldifishi wa Uingereza aliyeitwa Tish, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Samaki dhaifu hafikishi huko.

Swali la "nimpe dawa gani" ndilo linaloua. Samaki aliyetolewa kwenye bakuli la lita 3 kwa kawaida haumwi kitu cha kutibiwa kwa kidonge. Ameungua kwa amonia.

Sikilizeni vizuri hapa, maana wengi mnaruka. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua usiku na mchana, ale asile. Kipimo cha dukani kinasoma amonia yote kwa jumla, lakini inayounguza ni sehemu tu ya hiyo, na ukubwa wa sehemu hiyo unategemea zaidi pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: ikishuka maji yamechachuka. Maji yakiwa na nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu ni kama nusu ya asilimia moja. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 ni asilimia 36. Sasa chukua bakuli lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji: pH imeshuka, amonia imejaa ila nyingi imelala. Anakuja mwokoaji na jagi la maji safi yenye pH 8, anamimina nusu. pH inapanda palepale, amonia iliyokuwa imelala inaamka, samaki anaanza kurukaruka na kujikwaruza ukutani. Kisha mnaandika "maji ya bomba yamemuua". Klorini nayo haimsaidii, lakini muuaji mkuu alikuwa mle bakulini tayari.

Mfuko wa plastiki wa kubebea samaki ni hivyohivyo. Kabonidioksidi anayoitoa samaki inashusha pH ya mfukoni. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda. Ule utaratibu wa kufungua mfuko na kuongeza maji kikombe kwa kikombe kwa saa nzima unamfaa aliyetoka duka la mtaa wa pili. Aliyesafirishwa kutwa nzima ndani ya mfuko, kwake huo ni utaratibu wa kumchoma polepole.

Kwa hiyo inavyofanywa ni hivi. Chombo kipya kiwe tayari kabla hujamgusa samaki. Si lazima kiwe kioo: beseni kubwa au pipa la plastiki la lita 60 linatosha, lioshwe kwa maji matupu, sabuni marufuku. Maji ya bomba yakae wazi saa 24 yakipigwa hewa na pampu, klorini itaruka. Huna muda wa kusubiri? Tafuta sodiamu thiosalfeti, yeyusha gramu 10 kwenye lita 1 ya maji, kisha tia mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya bomba. Maji ya kisima hayana klorini, lakini mengi yanatoka ardhini na oksijeni kidogo na kabonidioksidi nyingi, kwa hiyo nayo yapigwe hewa usiku kucha ndipo upime pH. Ukiyapima yakiwa ndiyo kwanza yametoka kisimani utadanganyika.

Tia chumvi gramu 2 kwa lita, yaani gramu 120 kwenye lita 60. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havilingani uzito. Ya madini joto inafaa. Hadithi kwamba inaua samaki haina kichwa wala miguu. Ngozi na matamvua yaliyoungua yanaingiza maji mwilini kuliko kawaida, na chumvi inampunguzia kazi ya kuyatoa. Pia inazuia nitriti, sumu inayobaki bakteria wakila amonia, isipenye kwenye damu. Nitriti ikiingia, damu inageuka kahawia na haibebi oksijeni, ndiyo maana unaona samaki anahema juu ya maji wakati pampu inafoka mapovu kama kawaida. Na jambo la kurudiwa kila siku: chumvi haikaukii hewani. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Ukitoa lita 20, rudisha chumvi ya lita 20 tu. Kuna watu wanaongeza dozi nzima kila wanapobadilisha maji, wiki ya pili samaki yuko baharini.

Joto la maji mapya lisipishane na la zamani kwa zaidi ya nyuzi 2. Mchote samaki kwa bakuli dogo, wavu unakwangua mapezi yaliyochanika, kisha mhamishe na maji ya zamani kidogo iwezekanavyo. Funika nusu ya beseni kwa kitambaa. Siku mbili za mwanzo hakuna chakula. Hatakufa njaa, ila kila punje utakayotupa itarudi kama amonia.

Hewa msiifanyie ubahili, hasa mlioko Dar, Tanga na Mombasa. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5. Goldifishi anapenda nyuzi 20 hadi 24. Mtu anamwekea hita Februari, Dar es Salaam! Kwa ajili gani?

Sasa filta. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi na haimvuti samaki mgonjwa. Lakini sponji mpya ni sponji tu, haina bakteria wa kula amonia, na hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Njia ya mkato ya kweli ni moja: pata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi lenye samaki wazima lililokwisha komaa, kibanane na sponji yako. Usikioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua ulichokwenda kukifuata. Wakati huo wote pima amonia na nitriti kila siku. Kimojawapo kikifika miligramu 0.5 kwa lita, toa asilimia 30 hadi 50 ya maji. Kila siku, hata kama maji yanang'aa. Amonia haina rangi.

Nije kwenye vidonge vya rangi mbili, maana hapa ndipo damu inanichemka. Nani aliwaambia kufungua kapsuli ya tetrasaikilini ya binadamu na kuimwaga kwenye bakuli? Kwenye maji magumu dawa hiyo inashikana na kalsiamu na magnesi, samaki anapata mabaki. Inaweza kuwapiga bakteria wa filta, amonia inapanda, na mwanga ukiipata maji yanakuwa ya kahawia, hapo mwenye samaki anadhani ni uchafu na kuongeza kapsuli ya pili. Na nyie wauzaji mnaojaza kimiminika cha bluu kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila jina wala kipimo, mkisema "tone moja, anapona": ni methilini bluu? Ni malakaiti? Kwa asilimia ngapi? Mteja apimeje? Halafu huyohuyo muuzaji ndiye aliyemuuzia bakuli la lita 3 na kumwambia abadilishe maji yote kila Jumamosi.

Kinachochekesha ni kwamba nusu ya "magonjwa" mnayoleta humu si magonjwa. Goldifishi akianza kuota weusi pembeni mwa mapezi au mabaka meusi mgongoni baada ya kuhamishwa, mara nyingi hilo ni jeraha la amonia linapona. Mwacheni! Vidoti vyeupe vilivyopangika kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwale wa mbele wa pezi la kifua ni vipele vya dume aliyekomaa, anatafuta mke. Madoa meupe yenyewe, ya kimelea Ichthyophthirius multifiliis, yanatapakaa mwilini na mkiani ovyoovyo, na samaki anajisugua. Haya ndiyo ya kutibu: chumvi ipande polepole hadi gramu 3 kwa lita ndani ya siku mbili, na sakafu ifyonzwe kwa mpira kila siku. Kimelea kikiwa chini ya ngozi hakuna chumvi inayokifikia. Kinauawa kinapoogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa hiyo madoa yakipotea siku ya nne usisitishe, endelea siku 10 zaidi.

Pamba nyeupe mdomoni inayosambaa haraka si ukungu, mara nyingi ni bakteria aina ya Flavobacterium columnare, na anayewashauri kupandisha joto anawasaidia bakteria.

Chakula baada ya siku mbili: punje zilizolowekwa, kidogo, anachomaliza ndani ya dakika mbili. Njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda inafaa. Chapati, mkate na wali, hapana.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika, usimpeleke kwenye beseni la goldifishi. Anahitaji pH ya 8.5 hadi 9. Rudi juu usome ile asilimia 36, utaona kwa nini kwake amonia lazima iwe sifuri, siyo "kidogo tu".

NYONGEZA 2: Dada aliyeuliza kuhusu yule aliyevimba mpaka magamba yamesimama: huyo hali yake ni mbaya, wachache wanarudi. Ukiona ameacha kula siku kadhaa na hawezi kujisimamisha majini, usimtupe chooni wala kumgandisha akiwa hai. Mpe kifo cha amani kwa mafuta ya karafuu, yale ya Pemba, mililita 0.4 kwa lita. Yatikise kwanza kwenye kichupa chenye maji vuguvugu mpaka yawe meupe, vinginevyo yataelea juu. Matamvua yakiacha kusogea, muache humo dakika 10 zaidi.

NYONGEZA 3: Mnaoendelea kuniletea picha inbox: lita, joto, pH, amonia, nitriti, umetia nini na lini. Picha bila namba sijibu.