Mpwa wangu kanifanyia injini ya Noah siku 11, hataki kutaja bei. Nimpe ngapi?

MzeeWaNoah:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye gereji msinipite.

Nina Toyota Noah ya zamani, ile ya injini ya 3S. Nabebea mboga kutoka Mgeta kuleta soko la Mawenzi hapa Morogoro. Mwezi uliopita ilichemka nikiwa napandisha mifuko 14 ya saruji ya mtu. Kosa ni langu, silikatai. Mshale wa joto ulipanda nikauona, nikajisemea ngoja nifike tu Nyandira. Nikafika, nikazima, haikuwaka tena. Tukaishusha kwa kuvutwa na kamba.

Fundi wangu wa siku zote akaniambia hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, ringi za pistoni zimekwisha, injini ishuke yote. Ufundi 400,000, spea juu yangu, na nisubiri wiki mbili kwa sababu ana foleni. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 22, kamaliza VETA Kihonda mwaka jana. Akasikia, akaja na begi la spana.

Mwenye kuijua Noah hii anajua injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, inashukia chini, haitokei juu. Mimi sina shimo wala jeki ya maana. Aliitoa uani kwangu, chini ya mwembe, amelalia maboksi. Nilichokiona cha kunishangaza ni boksi la sabuni. Alilitoboa matundu kwa mpangilio wa hedi, kila bolti ikachomekwa kwenye tundu lake, pembeni kaandika kwa kalamu "mbele" na "nyuma". Siku ya kufunga hatukutafuta hata nati moja. Siku ya kujaza maji akaniambia nipaki pua ya gari ikitazama juu ya kilima, hita iwe wazi, akakaa pale na kopo anasubiri upepo uishe kwenye njia za maji. Fundi wangu hajawahi kunifanyia hivyo.

Siku 11. Spea nilifuata mwenyewe Gerezani, Dar: gasketi seti nzima, ringi, beringi za kranki, pampu ya maji, mkanda wa taimingi. Ukijumlisha na wenye mashine waliosawazisha hedi, imenitoka 780,000. Sasa gari linaunguruma kama cherehani mpya.

Nikamuuliza, "Mjomba, nikupe ngapi?" Akaangalia mikono yake, akasema, "Utakachojaliwa tu, mjomba."

Hapo ndipo nilipokwama. Mke wangu anasema kala na kulala hapa siku zote hizo, hilo nalo lihesabiwe. Dada yangu kanipigia, "Huyo mwanao, mpe nauli na suruali." Mimi nilikuwa nimefikiria 150,000. Lakini usiku nikilala naiona ile 400,000.

Spana14:
Mzee shikamoo. Mimi niko na magari mwaka wa 19 huu. Kwanza nijibu mawili: alikuwa na kazi nyingine akaiacha ili aje kwako? Na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza bolti za hedi, ilitoka wapi? Kijana aliyemaliza mwaka jana hawi na toki renchi yake.

Kuhusu kula na kulala, hiyo futa. Hata fundi wa kutoka nje ukimwita nyumbani siku nzima unampa chakula cha mchana, na hela yake haipungui.

KakaMkubwa:
Tunakoelekea kubaya. Sisi tumekuzwa kwa wajomba, tumelima mashamba yao, hakuna aliyetoa ankara. Leo kijana kafungua bolti mbili tunamletea bei ya gereji? Akioa si mjomba ndiye atakayesimama? Mpe 100,000 na baraka.

Spana14:
Kaka Mkubwa, bolti mbili! Injini ya 3S kuishusha chini ya mwembe bila shimo, umelala chali, oili inakudondokea shingoni? Njoo siku moja nikupe spana.

BintiSindano:
Mimi si fundi magari, ni fundi cherehani, ila nimekuwa huyo mpwa. Binamu yangu alipoolewa nilishona sare 23 za kamati. Vitambaa walileta, uzi na zipu nilinunua mimi. Nilipoulizwa bei nilisema hivyohivyo, "mtakachonipa". Siyo kwamba sikuwa na bei. Bei nilikuwa nayo kichwani tangu sare ya kwanza, ila ningeitajaje mbele ya mama mkubwa? Nikapewa doti moja ya kanga na nikatajwa kwenye shukrani ukumbini, watu wakapiga makofi. Mwezi ule kodi ya fremu nilikopa.

Tangu hapo wakiniletea kitambaa nasema cherehani mbovu.

MzeeWaNoah:
Marahaba Spana. Umeniuliza maswali yaliyonitia aibu.

Nimefuatilia. Yeye ni saidia fundi kwenye gereji moja Kihonda, analipwa 12,000 kwa siku anayofanya kazi. Aliomba ruhusa. Kwa hiyo siku 11 kwangu ni 132,000 aliyoikosa, na hapo sijamlipa ufundi. Ile 150,000 yangu ingembakizia 18,000! Toki renchi aliikodi kwa mtu, 10,000, mfukoni mwake. Hakuniambia. Kaniambia jirani aliyemsindikiza kuirudisha.

Kaka Mkubwa, nimekusoma, na mimi nililima shamba la mjomba wangu. Ila mjomba alinilipia ada ya shule. Huyu mimi sijamlipia kitu, VETA kajisomesha kwa kuosha magari.

Swali langu la sasa: nimlipe 400,000 kamili kama gereji? Maana yeye bado mchanga, hana fremu, halipi kodi.

Spana14:
Mzee, ile 400,000 ina kodi ya gereji ndani yake, ina mshahara wa vijana wawili wa kusaidia, na ina jina la mwenye gereji. Tena ukirudi na tatizo unamkuta palepale. Mpwa hana hayo yote, kwa hiyo si dhambi kuteremka kidogo. Mimi ningempa 330,000 mpaka 350,000, na ile 10,000 ya toki renchi mrudishie kando, usiichanganye na ufundi.

Mpe mkononi mwake. Usipitishie kwa mama yake, akina dada tunawajua, itaingia kikoba kabla kijana hajaiona.

BintiSindano:
Na usimpe mbele ya watu, atajifanya anakataa.

MzeeWaNoah:
Nimerudi wakuu, wiki imepita.

Nilimwita twende naye Mawenzi kushusha kabichi, tukiwa wawili tu garini nikampa bahasha. 350,000, na noti ya 10,000 peke yake nikamwambia hii ya toki renchi. Kwenye laki hizo hakusema kitu, alishukuru kwa adabu akaweka mfukoni bila kuhesabu. Ila ile 10,000 aliishika muda mrefu, akauliza, "Nani kakwambia?" Kesho yake nasikia kaenda kulipia nusu ya toki renchi ya kwake, ya mtumba.

Dada kanuna. Anasema nimemfanya mwanawe kibarua. Nimemwachia shemeji anisuluhishie.

Sasa kuna jambo jipya. Aliniambia nikifika kilomita 1,000 tumwage oili aje akague. Nina 600 tu, na asubuhi nimekuta doa chini ya gari, ukubwa wa kisosi. Naogopa kumpigia. Najua atakuja leoleo, na najua hatataka hela. Je, hii ni kazi mpya au ni ileile?

Spana14:
Doa liko wapi? Likiwa mbele, upande wa mkanda wa taimingi, ni sili ndogo, saa chache imekwisha. Likiwa nyuma panapokutana na gea boksi, ni sili ya nyuma ya kranki, gea boksi lazima ishuke. Weka boksi kavu chini usiku huu, asubuhi upige picha uilete hapa. Ila kijana mpigie sasa hivi, usimngojee picha. Oili ikishuka chini ya alama, hizo beringi mpya ulizofuata Gerezani hutazikuta.