Mbunge wa upinzani akishaikosoa serikali bungeni, maneno yake huenda wapi?

Mzee wa Umoja:

Hamjambo nyote. Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Umoja, Nairobi, redio ikitangaza kikao cha Bunge moja kwa moja, na mbunge mmoja wa walio wachache, yaani upinzani, alikuwa akiyashambulia makato ya nyumba kwa ukali uliomfanya kinyozi azime mashine ili tusikie vizuri. Alisema kwamba mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kwa ajili ya nyumba ambayo huenda asiipate maishani. Tulipiga makofi tukiwa vitini. Muda wake ukaisha, mwingine akapewa nafasi, na kinyozi akaendelea na kichwa changu. Tangu siku hiyo najiuliza: ikiwa kila mtu anajua kwamba upande wake hauna kura za kutosha, maneno yale huenda wapi? Ningependa kujibiwa na wanaozijua taratibu za Bunge. Ugomvi wa vyama tunao wa kutosha mtaani.

Karani Mstaafu:

Mzee wangu, pokea salamu. Kwanza maneno hayo huingia katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, na mbunge mwenyewe hawezi kushtakiwa kwa kuyasema, kwa kuwa Kifungu cha 117 cha Katiba kinalinda uhuru wa kusema ndani ya Bunge. Sisi tulioishi miaka ile hatuichukulii kinga hiyo kuwa jambo dogo. Mwaka 1975 Martin Shikuku alitamka bungeni kwamba Kanu, chama tawala cha wakati huo, imekufa, na alipotakiwa athibitishe, naibu wa spika, Jean-Marie Seroney, akasema kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili wakakamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini hadi mwaka 1978.

Hata hivyo, Hansard haifuti kodi. Mswada unaposomwa mara ya pili, wabunge huzungumzia sera kwa jumla, na hapo ndipo hotuba kali husikika. Lakini maneno ya sheria hubadilishwa baadaye, katika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiketi kama kamati, kifungu kwa kifungu, wakati ambapo waandishi wa habari wengi wameshaondoka. Kwa hiyo mimi humpima mbunge wa upinzani kwa swali moja: je, aliwasilisha marekebisho? Makato ya nyumba tayari ni sheria, iliyotiwa saini Machi 2024, hivyo mbunge wako angehitaji kuleta mswada wake mwenyewe wa kuirekebisha. Hata akiuleta, atakutana na Kifungu cha 114: hoja inayogusa kodi huendelea tu kwa kufuata pendekezo la kamati husika, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Maana yake ni kwamba anayekosolewa husikilizwa kabla mkosoaji hajaruhusiwa kusonga mbele.

Binti wa Kayole:

Mzee, shikamoo. Karani ameeleza vizuri, lakini ameeleza kama mtu anayeamini kwamba mambo huamuliwa mle ndani. Mshahara wangu ni shilingi 40,000. Kila mwezi naona 600 za nyumba, na tangu Oktoba 2024 naona 1,100 za bima ya afya ya jamii, kabla sijafika kwenye kodi yenyewe. Wapinzani walisema mengi kuhusu mzigo wa aina hii wakati wa Mswada wa Fedha wa 2024, tena kwa takwimu, na tarehe 25 Juni mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia saini, akaurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyote viondolewe. Sidhani kuna anayeweza kuniambia kwamba aliubadili msimamo wake kwa sababu ya hotuba. Ni vijana walioandamana barabarani, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Nakubali tu kwamba kodi ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa mswadani wiki moja kabla ya kura, ingawa hata hapo kelele kubwa zilitoka nje.

Msomaji wa South B:

Dada, nakubaliana nawe kuhusu Juni, lakini umeiruka mahakama. Okiya Omtatah, seneta wa Busia, hakuishia kulalamika kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023. Yeye na wenzake waliipeleka kortini, na mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikayatangaza makato ya nyumba kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu, pamoja na mengine, yaliwabagua walioajiriwa rasmi. Serikali ilirudi na sheria mpya iliyowajumuisha hata wasio na ajira rasmi, na makato yakaendelea. Unaweza kusema alishinda kesi, watu wengi zaidi wakakatwa.

Linalonisumbua mimi ni jingine. John Mbadi na Opiyo Wandayi wote wawili wamewahi kuwa Kiongozi wa Walio Wachache katika Bunge la Taifa. Agosti 2024 wakaingia katika Baraza la Mawaziri, Mbadi akakabidhiwa Hazina ya Taifa, yaani wizara ya fedha. Mzee anauliza maneno huenda wapi. Mimi nauliza msemaji huenda wapi.

Mzee wa Umoja:

Nawashukuru wote. Binti, marahaba. Nilimwomba mjukuu wangu anitafutie Hansard ya siku ile kwenye tovuti ya Bunge, na kweli hotuba tuliyoisikia imo, haikupungua hata pale mbunge alipokatizwa kwa hoja ya nidhamu. Tukatafuta kama ameleta mswada wowote kuhusu makato hayo. Hatukuuona.

Nimemwandikia barua nikimuuliza atauleta lini. Kwa kuwa Bunge la Taifa huketi Jumanne kuanzia saa nane na nusu, nakusudia pia kwenda kukaa katika roshani ya wageni nione wabunge wangapi huwa wamebaki ukumbini jioni, maana Katiba inawataka 50 tu ili kikao kiendelee. Kinyozi anasema tutakwenda pamoja. Jumanne huwa hana wateja wengi.