Ndege za vita kuopolewa ziwani: ni haki ya marehemu au ni kuwasumbua?

Mleta mada, Dodoma mjini

Wadau, salaam. Najua wengine mtauliza hili linatuhusu nini sisi wa Dodoma. Nisomeni mpaka mwisho.

Uholanzi kuna ziwa linaitwa Markermeer. Kina chake ni kifupi, mita 3 hadi 5 hivi, na chini ni tope. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zilizokwenda kupiga mabomu Ujerumani zilipita anga ile, na nyingi hazikurudi. Nchi ile ndogo iliangukiwa na ndege zaidi ya 5,000 za pande zote. Tangu 2019 serikali yao ina mpango wa kuopoa zile zinazoaminika bado zina miili ndani na ambazo kazi yake inawezekana, kati ya 30 na 50.

Iliyonigusa ni ndege moja ya mabomu ya Uingereza, aina ya Stirling, yenye namba BK716. Ilikuwa inarudi kutoka Berlin usiku wa kuamkia 30 Machi 1943, ndani vijana saba. Haikufika. Mwaka 2008 boti ya uokoaji ilikuwa inasaidia chombo kilichoharibika, nanga ikaibuka na chuma cha ndege. Mwanzoni wataalamu wakasema ni BK710, Stirling nyingine. Baadaye kikapatikana kikasha cha sigara chenye herufi za mwanzo za jina la mtu. Herufi zile ndizo zilizoonyesha kwamba ni BK716. Mwaka 2020 wakaiopoa, tope likachekechwa kutafuta mifupa na vitu vyao.

Hapo mfugaji yeyote wa huku Ugogo atanielewa. Ukikuta mzoga porini unajua huyu ni ng'ombe. Lakini ni ng'ombe wa nani? Mpaka uone alama ya sikio. Injini nayo inakwambia aina tu: Stirling ilitumia injini ya Hercules, na Lancaster, ndege nyingine ya mabomu, nyingi zilitumia Merlin. Stirling mbili zikipotea jirani, injini haikusaidii. Unatafuta kibati chenye namba, kitambulisho cha shingoni cha askari, meno, au vinasaba vya ndugu walio hai.

Mimi naunga mkono kazi hii, na naona hoja ya kwamba ziwa ndilo kaburi lao haitoshi. Kaburi lina jina. Karibuni.

Mchangiaji, Singida

Mkuu, heshima yako, ila sikubaliani nawe hata kidogo.

Wazazi wa vijana wale wamekufa. Wake zao wamekufa. Miaka 80! Waingereza wenyewe wana sheria ya 1986 inayokataza kugusa mabaki ya ndege za kijeshi bila kibali, kwa sababu wanajua pale pamelala watu. Na askari wetu wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944? Karibu watu 1,300 walikufa siku ile katika Bahari ya Hindi, na mamia yao walikuwa wapiga mizinga wa kutoka huku kwetu. Nani anazungumzia kuwaopoa? Bahari imewahifadhi, na tumekubali.

Halafu tuongee fedha. Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani Bukoba, hatua chache kutoka uwanjani. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Wamekufa watu 19. Ukinipa fedha ya kuopoa, nitanunua boti na vifaa vya kuokoa walio hai.

Mchangiaji, Mtera

Mimi ni mvuvi, nitasema la maji tu.

Huyu ndugu wa Singida analinganisha bahari na ziwa la mita nne. Si sawa. Kina kirefu hakuna anayekufikia. Kina kifupi kila mtu anakupitia juu: nanga, nyavu, boti za kuchimba mchanga. Hapa Mtera bwawa lilifunika maboma ya watu. Mwaka mmoja maji yalikuwa yameshuka sana, wavu wangu ukakwama, nikadhani ni kisiki kama kawaida. Nikazama kuunasua. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kama bakuli. Mkono wangu ukaingia sawasawa pale mkono wa mama fulani ulipokuwa ukipita akisaga uwele. Nikaliacha palepale, lakini mwenzangu akija na wavu atalivuta, na mwingine atalibeba.

Kwa hiyo ukisema waachwe wapumzike, kwenye kina kile hawapumziki. Watatolewa vipande vipande na watu wasiojua wanatoa nini.

Mchangiaji, Kondoa

Kaka wa Singida nampa haki yake kwenye boti za uokoaji, kabisa. Ila mleta mada naye hajajibu swali lake mwenyewe: linatuhusu nini? Mimi nimekulia Kondoa, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana 1916, Vita Kuu ya Kwanza. Wazungu waliokufa wana mawe ya makaburi, yanafyekewa nyasi. Wapagazi waliobeba risasi na unga wako wapi? Nitakuunga mkono siku utakapowataja hao.

Mleta mada, Dodoma mjini

Dada, umenitoa maneno mdomoni, na ndiko nilikokuwa naelekea.

Kwanza nimjibu wa Singida. Bukoba pale, baada ya walio hai kuokolewa, watu waliifunga ndege kamba wakaivuta kuelekea ufukweni. Hakuna aliyesema waliobaki ndani waachwe, ziwa ni kaburi lao. Hilo halikutupitia hata kichwani. Kwa nini liwe sahihi kwa mtu kwa sababu tu amesubiri miaka 80? Na kuhusu wazazi kufa, kutokujua hakufi na wazazi. Babu wa babu yangu alichukuliwa Mpwapwa kubeba mizigo baada ya Waingereza kuingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Hakurudi. Bibi yangu hakuwahi kumwona, lakini kila tulipofanya arobaini ya mtu nyumbani alikuwa akisema: "Na yule wetu hatujamzika." Nimeusikia mwenyewe mdomo wake ukisema hivyo.

Sasa angalia. Julai 1916 hiyohiyo Wajerumani waliizamisha meli yao Goetzen Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na 1927 ikaanza kazi Ziwa Tanganyika kwa jina jipya, Liemba. Mwaka uleule wa 1927 ikazinduliwa sanamu ya Askari Dar es Salaam, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Chuma kilikumbukwa kikapewa jina. Watu walipewa sentensi moja wote kwa pamoja. Na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ndiyo maana nawatetea Waholanzi. Wameonyesha kwamba mtu aliyepotea vitani anaweza kutafutwa kwenye tope hadi herufi za jina kwenye kikasha cha sigara. Na BK716 ilikuwa ya kikosi namba 218, kilichobeba jina la Gold Coast, Ghana ya leo, kwa sababu koloni lile lilikifadhili. Waafrika wamo kwenye habari hii toka mwanzo.

Mchangiaji, Singida

Mkuu, la Bukoba umenishika. Ila wapagazi hawako ziwani. Wamezikwa njiani, hakuna kibati wala namba. Utamchekecha nani?

Mleta mada, Dodoma mjini

Wazee, ndugu yangu. Tope letu sisi ni kumbukumbu za wazee, na zinakauka upesi kuliko ziwa letu la Sulunga wakati wa kiangazi. Mifupa sitaipata. Jina, jina la baba yake, kijiji alichochukuliwa na nani alichukuliwa naye, hayo bado yapo kwa watu wawili watatu. Jumamosi naenda Mpwapwa kwa shangazi wa baba yangu, amepita miaka 90, masikio bado mazima. Mwenye mzee Kongwa, Bahi au Kondoa aandike hapa kijiji na jina alilolisikia, hata kama ni nusu.

Mchangiaji, Kondoa

Mimi ninalo nusu. Jioni namuuliza mama hiyo nusu nyingine.